Mzee Ojwang' na Ulimi wa Kuazima

Watazamaji wengi wa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya, waliamini kwamba Mzee Ojwang' Hatari ni Mjaluo. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu, na ufundi wake wote umo katika umbali huo.

Tuanze na sauti. Kijaluo hakina sh wala z, kwa hiyo Mjaluo akizungumza Kiswahili, shida huweza kuwa sida na zamani ikawa samani. Kuiga hilo si kazi kubwa, yeyote anaweza kwa dakika moja. Kazi ni kuzizima sauti zako mwenyewe. Kikuyu hakina l, na mzungumzaji wake akipandwa na hasira, r huchukua nafasi hiyo bila yeye kujua. Wanjau alitakiwa kuiziba r hiyo hata katikati ya ugomvi na mkewe kipindini, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, ambaye majibu yake ya kasi hayakumwachia mwenzake nafasi ya kufikiri.

Na wasikilizaji wake hawakuwa wa kudanganywa. Chukua mitaa ya Nairobi kama Kaloleni, Makongeni, Jericho na Maringo: humo Wajaluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu wamekulia mlango kwa mlango. Enzi ambazo runinga ilikuwa ya jirani mmoja na watoto wa wengine wakijazana sakafuni, kila chumba kilikuwa na mtu aliyeijua lafudhi hiyo kutoka kwa mama yake. Ingekuwa ya bandia, wangemkataa wiki hiyo hiyo. Kwa maoni yangu walimpenda kwa sababu lafudhi haikuwa kichekesho chenyewe. Walichocheka ni ukaidi wa mume anayejua ameshindwa lakini bado anatafuta neno la mwisho, na mume wa aina hiyo hana kabila.

Hollywood ya zamani ilikuwa na mafundi wa jinsi hii. S. Z. Sakall, aliyekuwa msimamizi wa wahudumu katika filamu ya Casablanca ya 1942, alichekesha kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kihungari. Lakini Sakall alizaliwa Budapest, lafudhi ile ilikuwa yake. Wanjau aliazima yake na akakaa nayo miongo kadhaa, kuanzia enzi ambazo shirika la utangazaji liliitwa Sauti ya Kenya hadi lilipokuwa KBC, katika Vitimbi na Vioja Mahakamani.

Tofauti nyingine inauma zaidi. Waigizaji wa filamu wa Marekani waligoma mwaka 1960 wakapata haki ya kulipwa filamu mpya zinapouzwa kwa runinga, pamoja na mfuko wa afya na pensheni. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inazitambua haki za waigizaji, ila kufikia hapo Wanjau alikuwa ameshafanya sehemu kubwa ya kazi yake. Macho yake yalipoharibika, wananchi walichanga fedha za matibabu. Alifariki Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Mchango ule ulikuwa wa upendo, lakini mtu aliyeichekesha nchi muda wote huo alistahili malipo ya kila kipindi kinachorudiwa, yakimfikia mkononi bila kuombewa.