UTUNZAJI WA VALVU ZA AMPLIFAYA ZA REDIO

Watumishi wa Serikali na wananchi ambao bado wanazo amplifaya za valvu za kurushia mawimbi ya redio wanaelezwa hapa sababu zinazozifanya valvu hizo kufa kabla ya wakati wake. Valvu huagizwa kutoka ng'ambo na bei yake ni kubwa. Inayoungua kwa uzembe ni hasara ya kweli.

Ndani ya valvu mna uzi wa madini unaopashwa moto hadi utoe elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye umeme hasi. Chembe hizo huvutwa na bamba lenye umeme wa volti nyingi, na njiani hupita katika gridi, ambayo ndiyo inayoziongoza. Yote haya hutendeka katika chupa isiyokuwa na hewa. Yafaa ifahamike, basi, kwamba valvu haifanyi kazi bila ya joto. La kuangaliwa ni joto hilo liko wapi na ni kiasi gani.

Tuchukue mfano wa valvu ya 3-500Z ya kampuni ya Eimac ya Marekani, iliyo mashuhuri kwa waendeshaji wa redio za ridhaa. Bamba lake hustahimili wati 500 za joto. Likipewa volti 2,500 na mkondo wa ampea 0.4, huingia wati 1,000. Zikienda wati 600 kwenye antena, 400 zilizosalia hubaki bambani, kwani elektroni huligonga bamba kwa kasi na mwendo wake hugeuka joto. Bamba huwa jekundu, wala si kosa: limepakwa zirkoniamu, ambayo hufyonza mabaki ya hewa inapokuwa na moto. Lakini amplifaya isipopatanishwa sawasawa na antena, sehemu kubwa ya wati hizo 1,000 hubaki bambani, na muda mfupi tu hutosha kuleta madhara. Katika valvu ndogo kama 6L6 na 807, wekundu wa bamba ni hatari tangu mwanzo. Mtambo uzimwe papo hapo.

Gridi hudhurika upesi zaidi. Waya zake nyembamba zimekaribiana mno na uzi, na kikomo chake katika 3-500Z ni wati 20 tu. Ikisukumwa kupita kiasi, waya hupinda, hata huweza kuugusa uzi.

Uzi wenyewe una thoriamu na hutaka volti 5, tofauti isizidi asilimia 5. Volti zikizidi, thoriamu hupotea upesi. Zikipungua, elektroni hazitoshi. Kadhalika, elektroni zikigonga mabaki ya hewa huzaliwa chembe chanya, ambazo hurudi nyuma kuupiga uzi. Ndiyo maana valvu iliyokaa ghalani miaka mingi huwashwa uzi peke yake kwa saa kadhaa kwanza.

Feni isafishwe vumbi, kwani miguu ya valvu ikipita nyuzijoto 200 za Selsiasi, kioo huweza kupasuka na hewa kuingia. Vitambaa vya kutarizi, ambavyo ni desturi yetu kufunikia redio, havina nafasi hapa.

Asiye fundi asifungue kifuniko kamwe: kapasita hubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.