Mgeni aliyepewa funguo za xz

Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL alipoona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi tungepuuza. Yeye alichimba, na Machi 29, 2024 akatangaza kuwa xz, zana ya kubana mafaili inayokuja na karibu kila mfumo wa Linux, imetobolewa mlango wa nyuma.

Aliyeutoboa alikuwa na ruhusa zote. Lasse Collin wa Ufini alikuwa ameitunza xz kwa miaka mingi bila malipo. Mwaka 2021 akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akituma marekebisho safi, kwa adabu. Mwaka uliofuata zikamiminika barua za watu wasiojulikana, zikimsuta Collin kwa kuchelewa na kumtaka aongeze msaidizi. Collin akajibu waziwazi kwamba afya yake ya akili imeyumba na kazi yenyewe ni ya kujitolea. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nani angekataa?

Jia Tan alianza kwa kuruhusiwa kuingiza msimbo, baadaye kutoa matoleo. Kwa maoni yangu, ruhusa hii ya pili ndiyo iliyoleta balaa. Kipande kilichoiamsha sumu kilikuwa ndani ya mafaili ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yaliyofungwa tayari kwa usambazaji, ila hakikuwamo katika ghala la msimbo ambalo kila mtu anaweza kulichungulia. Kuandika na kuchapisha ni kazi mbili, na miradi mingi bado huzifungua kwa ufunguo mmoja.

Wezi wengine hawahitaji hata kubembeleza. Mwaka 2022 kifurushi cha ctx kwenye PyPI, ghala la Python, kilitekwa baada ya jina la kikoa la baruapepe ya mwenye kifurushi kuisha muda. Mtu akalinunua, akaomba nenosiri jipya, akaingia. Siku hizi PyPI hufuatilia vikoa vilivyoisha muda, na tangu 2024 kila mchapishaji lazima athibitishe utambulisho wake kwa hatua mbili.

Hatua hizo zisingemzuia Jia Tan, maana akaunti ilikuwa yake. Mtu wa pili mwenye kulipwa, wa kulinganisha faili la toleo na msimbo wa ghalani, pengine angemnasa. Hakuwepo. Collin mwenyewe ndiye aliyerudi kusafisha, na Mei 29, 2024 akatoa toleo 5.6.2.