Askari wa Dar es Salaam Aliyedai Deni Lake Berlin

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kupita penye Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, au umesikia habari zake. Waingereza waliiweka mwaka 1927, kuwakumbuka askari na wapagazi wa upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza. Leo tumkumbuke mzaliwa wa mji huo huo aliyepigana upande wa pili, upande wa Wajerumani.

Wazazi wake walimwita Mahjub bin Adam Mohamed, lakini Ulaya alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa Msudani, askari wa jeshi la Wajerumani. Vita ilipoanza mwaka 1914, mtoto huyu wa miaka 10 aliingia jeshini pamoja na baba yake. Mfikirie mwanao wa umri huo! Baba aliuawa vitani. Mtoto naye alijeruhiwa Mahiwa, upande wa Lindi, mwezi Oktoba 1917, akashikwa na Waingereza.

Vita ilipokwisha alishika kazi ya kuhudumia mezani, na kazi hiyo ikampeleka baharini katika meli za Wajerumani. Lakini moyoni alikuwa na neno moja: mshahara wake na wa marehemu baba yake haujalipwa. Basi mwaka 1929 akafika Berlin kuudai. Wakubwa wa serikali wakamjibu kwamba amechelewa.

Wengine wetu tungerudi nyumbani kwa unyonge. Yeye alibaki. Akawa mhudumu katika Haus Vaterland, nyumba kubwa ya starehe. Akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Akaonekana katika filamu zaidi ya 20. Mwaka 1933 alimwoa Maria Schwandner. Mwaka huo huo Hitler akashika serikali, na watu weusi wakazidi kubanwa. Mwaka 1935 akafukuzwa kazi yake ya mezani.

Hata hivyo hakukubali kudharauliwa. Alipoomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, alinyimwa. Akaenda dukani, akajinunulia kwa fedha yake, akaivaa kifuani mbele ya watu!

Tusimfanye malaika. Alijivunia jeshi lililomtumia, hata akaandamana pamoja na watu waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni yake. Filamu yake ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimsifu Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Lakini kumbuka kwamba mlango baada ya mlango ulikuwa umefungwa mbele yake, na nyumbani watu walihitaji kula.

Mwaka huo wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani asiye mke wake. Sisi tungesema amekosa katika ndoa. Wao hawakuijali ndoa yake. Walijali rangi ya ngozi yake. Bila kufikishwa mbele ya hakimu, alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40. Shukrani ya punda ni mateke.

Mwaka 2007 jiwe dogo lenye kibao cha shaba na jina lake lilitiwa njiani katika barabara ya Brunnenstraße, Berlin, mbele ya nyumba aliyokuwa akikaa. Ni vema akumbukwe. Lakini wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, wala hawakusema ni kuweka jiwe.

Basi, msomaji, yuko kibarua aliyekulimia shamba, au fundi aliyekushonea nguo, ambaye kila akija unamwambia, “Njoo kesho”? Mlipe leo, angali hai.