Maji ya Kinjikitile

Sisi tukaao Kashaulili twazijua habari za Ziwa Katavi, lililo kusini ya Mpanda. Penye mkwaju mmoja karibu na ziwa hilo watu hupeleka sadaka, kwani husimuliwa kwamba ndipo ikaapo roho ya Katabi, mwindaji mashuhuri wa kale. Hata makabila mengine walisadiki ya kuwa katika maziwa na mito mna nguvu zisizoonekana. Asiyeyajua hayo hataufahamu vema mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile, ulioandikwa na Ebrahim Hussein, ukatolewa mwaka 1969. Ni mchezo wa msiba, na asili yake ni mambo yaliyotukia kweli.

Zamani za utawala wa Wadachi, yaani Wajerumani, watu wa kusini walilazimishwa kulima pamba. Maakida na majumbe waliwasimamia, na aliyelegea alipigwa kiboko. Siku za kulima pamba ndizo zilizokuwa siku za kulima chakula. Hivyo mashamba yao yalimea magugu, na kodi ikadaiwa vile vile. Kila kabila lilinung'unika, lakini peke yake, na bunduki za Wadachi ziliwatisha wote.

Basi mwaka 1904 alitokea mtu huko Ngarambe, jina lake Kinjikitile Ngwale. Ilisemekana kwamba alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akaingia katika kidimbwi, akatoka salama. Aliwafundisha watu mambo mawili: kwamba Waafrika wote ni wamoja, na kwamba dawa yake itazigeuza risasi kuwa maji. La kwanza lilikuwa kweli. La pili halikuwa kweli. Lakini watu waliyapokea yote mawili pamoja.

Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba, na vita vikaanza. Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine wakajiunga nao, ingawa zamani hawakuwa na shauri moja. Kinjikitile alinyongwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, lakini vita viliendelea mpaka 1907. Risasi hazikugeuka maji. Wadachi walichoma vijiji na vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Wengine hukisia waliokufa kuwa 75,000, wengine zaidi ya 200,000.

Katika mchezo ule, Kinjeketile akiwa kifungoni anatakiwa akiri kwamba maji ni uongo. Anajua kwamba yamewaua watu wengi. Lakini akikiri, watoto wao wataambiwa kwamba hata kudai haki kulikuwa uongo. Basi anakataa.

Wasomaji, msiwacheke wazee wale. Aonewaye siku nyingi hulishika neno limpalo moyo, wala hana nafasi ya kulipima. Je, ninyi mngalikuwa mahali pa Kinjeketile, mngalijibu nini?