Kioo cha Rahula kwenye Njia ya Meru

Kuanzia lango la Momella, takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mwongoza watalii anayepandisha wageni Mlima Meru hutazamwa kila hatua. Askari wa hifadhi yupo na bunduki kwa ajili ya nyati, wapagazi wanasubiri neno lake, na mgeni anauliza swali lilelile kwa namna kumi: nitafika? Kibanda cha Miriakamba kiko mita 2,514, cha Saddle mita 3,570. Safari ya kileleni, zaidi ya mita 4,560, huanza usiku wa manane. Kijana anayeanza kazi hii huambiwa ajiamini. Kujiamini kunatoka wapi, ni mara chache anaambiwa.

Ushauri uliozoeleka ni kusimama mbele ya kioo na kujiambia unaweza. Siukubali. Maneno hayo hayana cha kuegemea pale mgeni anapotapika kwenye baridi ya Rhino Point, njiani kuelekea kileleni, na kundi zima linakutazama wewe. Mafundisho ya Kibuddha yana kioo kingine, na naamini ndicho kinachowafaa zaidi vijana wetu, wawe Walutheri wa Poli au Waislamu wa Ngarenaro, hapa Arusha.

Buddha alimuuliza mwanawe Rahula kioo ni cha kazi gani. Rahula akajibu kuwa ni cha kujitazama. Basi, akaambiwa, matendo ya mwili, ya ulimi na ya moyo nayo yatazamwe vivyo hivyo, mara kwa mara: kabla ya kutenda, wakati wa kutenda, na baada ya kutenda. Swali ni moja: je, hili linaniumiza mimi, au wengine, au sote? Likionekana lina madhara kabla, liache. Ukiwa katikati, simama. Likiwa limeshapita, mweleze mwalimu au mwenzako mwenye busara, kisha ujizuie siku zijazo. Lakini ukikuta ulitenda vema, kaa na furaha hiyo, uendelee kujifunza usiku na mchana.

Sehemu hiyo ya furaha ndiyo tunayoiruka. Wengi wetu tumelelewa tukijihoji ili tujilaumu tu. Jema tulilolitenda tunaliona la kawaida, halistahili hata dakika moja. Tafakuri hii inadai ulitazame jema nalo, kwa utulivu uleule. Mwongozaji aliyeketi Saddle jioni, macho kafumba, pumzi imetulia, anairudia siku yake. Mgeni wa mwisho alianza kuumwa kichwa. Nilipunguza mwendo, nikamuuliza, nikamjulisha kiongozi wangu. Hapo akae kidogo. Mpagazi mmoja alikuwa amezidiwa na mzigo nami nikanyamaza; kesho asubuhi nitalisema kabla hatujaanza. Akifanya hivyo jioni baada ya jioni, anakuwa na ushahidi juu yake mwenyewe, na ushahidi huo hauondoki kwa sababu mgeni amekunja uso.

Ndiyo maana Buddha, karibu na mwisho wa maisha yake, aliwaambia watu wa kijiji cha Pataligama kwamba mwenye mwenendo mwema huingia kwenye mkutano wowote, uwe wa watawala, wa makuhani au wa watawa, bila woga wala kutahayari. Hakutaja ufasaha wa kusema wala cheo. Tena alionya juu ya kujipima na wengine: kujiona bora, kujiona duni, hata kujiona sawa nao, yote matatu aliyaita majivuno. Kijana anayehesabu nani anajua Kijerumani na nani ana viatu vya bei atayumba kila akija mwenzake mpya.

Afrika Mashariki ina mfano hai wa kujiamini kwa namna hiyo. Huko Uganda, Bhante Buddharakkhita, aliyezaliwa Steven Kaboggoza, alipata daraja la utawa wa Kibuddha Marekani mwaka 2002, akaanzisha kituo karibu na Entebbe mwaka 2005. Amesimulia kuwa watu walidhani bakuli lake la sadaka ni ngoma. Mtu anayetembea nyumbani kwao na vazi ambalo hakuna anayelielewa hawezi kuishi kwa kutegemea sifa za wapita njia.

Huhitaji hekalu wala mlima. Mahanama, jamaa yake Buddha aliyekuwa na familia na shughuli, alifundishwa kukumbuka wema wake na ukarimu wake akitembea, akisimama, akifanya kazi, hata nyumbani kwenye msongamano wa watoto. Hiace ya kutoka Usa River kwenda Arusha mjini inatosha. Ila kuhusu kumweleza mwalimu makosa, mawazo mabaya yaliyopita moyoni ni tofauti: Rahula hakuagizwa ayaungame kwa mtu. Aliagizwa ayaonee haya, ajizuie mbele ya safari. Na anayeona kila akijitazama anazama kwenye hukumu tu, aanze na matendo mema ya siku hiyo kwa wiki kadhaa, kisha makosa ayapeleke kwa mtu mzima anayemwamini.