Uvimbe Katika Moyo wa Kitoto Kichanga

Mama akiambiwa mtoto wake ana uvimbe moyoni, neno la kwanza kumjia ni saratani. Kwa watoto wachanga mara nyingi sivyo. Uvimbe huu ni nadra sana, na ule unaoonekana zaidi, rabdomioma, si saratani. Huota mtoto angali tumboni, na baada ya kuzaliwa mara nyingi hunywea wenyewe. Basi daktari akisema, "Tungoje, tutapima tena," hajakutupa.

Kisu huja pale uvimbe unapoziba njia ya damu au kuvuruga mapigo ya moyo. Mtoto hunyonya kidogo akachoka, hutoka jasho kichwani, huhema mbio, uzito hauongezeki. Ukiona pia mabaka meupe kwenye ngozi au degedege, usifiche. Rabdomioma mara nyingi huandamana na maradhi ya kurithi yanayogusa ngozi na ubongo.

Sisi wa Mkoani huanzia Hospitali ya Abdulla Mzee. Upasuaji wenyewe uko ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo safari mara nyingi ilikuwa India au Israeli.

Akina mama wengi huogopa nusukaputi kuliko kisu, na kweli hapo pana kazi nzito. Dawa za usingizi hushusha presha. Moyo ulioziba nusu ukikosa presha, au mtoto akiwa amekaukiwa maji, damu haipiti. Ndiyo maana dawa hutolewa taratibu, mtoto hufunikwa asipoe, na huwekewa maji ya mshipa. Ukiambiwa usimnyonyeshe kwa muda wa saa 4 hivi kabla ya usingizi, tii hata akilia, maana maziwa yakirudi huingia mapafuni. Lakini usianze mapema kuliko ulivyoambiwa, na kikohozi au homa uitaje hata kama tarehe itaahirishwa.

Ndani, mashine hushika kazi ya moyo na mapafu, moyo husimamishwa, na daktari hukata uvimbe. Ikiwa ni rabdomioma, huenda akatoa kipande kinachoziba tu, kwa sababu kukata zaidi kungejeruhi nyama ya moyo. Kwa hiyo ukisikia "tumebakisha," usilie.

Atatoka akiwa na mipira mdomoni na kifuani, na pengine hatanyonya kwa siku kadhaa. Siku hizo kamua maziwa usiku na mchana, yasikauke.