Masijala Ndani ya Kompyuta

Mtu yeyote aliyepata kufanya kazi katika ofisi ya umma anaijua masijala. Humo barua huingia, hugongwa muhuri wa tarehe, hutiwa katika jalada lake, kisha hupelekwa kwa afisa anayehusika. Karani wa masijala hatakiwi kuijibu barua wala kuamua jambo lililomo. Kazi yake ni kuifikisha mahali pake. Ofisi yenye karani hodari humwachia afisa nafasi ya kufikiri. Ofisi isiyo na karani humgeuza afisa kuwa karani.

Mnamo mwaka 1971 mhandisi wa Kimarekani, Ray Tomlinson, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mtandao wa ARPANET, naye ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa barua pepe tunayoitumia. Njia hiyo iliondoa bahasha na stempu, lakini ilimwondoa karani pia. Leo mwalimu au daktari hufungua kompyuta yake akakuta matangazo ya biashara, taarifa za mikutano na maombi ya haraka yamerundikana pamoja. Makala haya yanaeleza zana za kumrudisha karani huyo: za kupanga barua zinazoingia na za kupunguza uchapaji wa barua zinazotoka.

Kanuni za kupanga barua

Karibu kila programu ya barua pepe ina sehemu ya kuandikia kanuni. Kanuni huwa na pande mbili: sharti na tendo. Kwa mfano: barua ikitoka kwa mhasibu, itiwe katika jalada la fedha, ikiwa na neno “mtihani” katika kichwa chake, iwekewe alama ya umuhimu. Kompyuta haielewi fedha wala mtihani. Inalinganisha herufi na herufi, na ikiona zimelingana inatekeleza tendo. Kanuni ikiandikwa mara moja, hufanya kazi usiku na mchana bila kuchoka.

Barua taka huhitaji ujanja zaidi, kwa kuwa mtumaji hubadilisha jina na anwani kila mara. Tatizo hili si geni. Mwaka 1978 mfanyabiashara wa kompyuta nchini Marekani alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 wa ARPANET, nao wengi walikasirika. Mwaka 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham alieneza njia inayotumia hesabu za uwezekano zilizoasisiwa na Thomas Bayes katika karne ya 18.

Mfano mdogo utatosha. Tuseme umeipa kompyuta barua 100 njema na barua 100 taka. Neno “umeshinda” limeonekana katika barua taka 40, na katika barua njema 2 tu. Basi, tukichukua kwamba aina zote mbili huja kwa wingi ulio sawa, barua mpya yenye neno hilo ina uwezekano wa 40 kwa 42, yaani kama asilimia 95, kuwa ni taka. Neno moja halitoshi kuhukumu. Kichujio hupima maneno mengi kwa pamoja, kisha hutoa uamuzi.

Hapa ndipo penye hatari. Uwezekano si uhakika. Mwanafunzi aliyepewa nafasi ya masomo huandikiwa kwamba ameshinda, kwamba fedha zipo, na kwamba ajibu upesi. Maneno hayo ndiyo matapeli wanayoyapenda. Barua yake yaweza kuangukia katika jalada la taka, na huduma nyingine, Gmail ikiwa miongoni mwao, hufuta zenyewe barua zilizokaa humo siku 30. Kwa hiyo yafaa jalada hilo lipekuliwe angalau mara moja kwa juma, na barua njema iliyokutwa humo itolewe, ili kichujio kijifunze. Aidha, kanuni zako mwenyewe ziamuru kuhamisha barua, kamwe zisiamuru kuifuta.

Vifupisho vinavyojikunjua

Zamani makatibu walijifunza hatimkato ili mkono uifuate kasi ya ulimi. Kompyuta ina hatimkato yake. Programu kama AutoHotkey, iliyoanza mwaka 2003 kwa ajili ya Windows, au Espanso, ambayo pia hupatikana bila malipo, hukaa kimya zikisoma vibonye unavyobonyeza. Ukiandika kifupisho ulichokiandikisha, programu hukifuta na kuweka maneno kamili mahali pake.

Tuchukue maneno haya: “Nimepokea barua yako, nayo inashughulikiwa. Utajulishwa matokeo hivi karibuni.” Kuyachapa kwahitaji kubonyeza mara 78. Kifupisho “nby” pamoja na nafasi kwahitaji mara 4. Umeokoa mara 74. Mtu anayeyatumia mara 10 kwa siku huokoa mibonyezo 740; kwa mwendo wa mibonyezo 150 kwa dakika, hizo ni kama dakika 5. Katika siku 250 za kazi zinakuwa saa 20 na ushei, na hayo ni maneno ya kifupisho kimoja tu.

Kifupisho kisifanane na neno la kawaida, la sivyo kitajikunjua pasipotakiwa. Kiswahili kinatusaidia hapa: maneno yake humalizika kwa irabu, hivyo kifupisho cha konsonanti tupu hakigongani na neno letu lolote. Tuepuke tu vifupisho vilivyokwisha zoeleka, kama vile “km” na “Dkt”.

Zana hii inatufaa kuliko zile zinazobahatisha neno linalofuata. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na kauli ndani ya neno moja: anashughulikia, inashughulikiwa, hayatashughulikiwa. Programu iliyotegemea orodha ya maneno ya Kiingereza huliona neno kama hilo kuwa kosa, ikalisahihisha visivyo. Kifupisho hakina lugha. Hutii kile ulichokiandika wewe.

Tahadhari moja haina budi kutolewa. Vifupisho mara nyingi huhifadhiwa katika maandishi yanayosomeka na yeyote anayeifikia kompyuta. Usitie humo neno lako la siri wala namba ya akaunti ya benki.

Msomaji anayetaka kuanza aandike kanuni mbili na vifupisho vitano, avitumie kwa mwezi mmoja, kisha aongeze. Aiachie mashine upangaji na maneno ya desturi. Barua ya mtu aliyefiwa, au ya mwanafunzi anayeomba ushauri, aiandike mwenyewe neno kwa neno, kwa kuwa muda uliookolewa kwingine umeokolewa kwa ajili ya barua kama hizo.